Herufi Nene na Jina la Baba

Mi siwezi kupita mbele ya bango bila kugombana nalo. Natoka nyumbani Nyakabiga kwenda kununua mkate, na kabla sijafika nimeshamgombeza mwenye saluni aliyeandika jina lake kwa herufi nyembamba kama sindano, halafu akaziwekea kivuli chekundu nyuma, eti zionekane. Zionekane na nani? Mtu ana haraka, jua linampiga usoni, pikipiki zinamkosakosa, na wewe unampa sindano asome. Mdogo wangu wa kike hapendi kutembea na mimi. Anasema watu watadhani nazungumza peke yangu. Kweli nazungumza peke yangu, lakini nina sababu.

Kazi yangu ni herufi. Nina chumba kimoja kinachotazama barabara, kompyuta, mashine ndogo ya kukata karatasi za kubandika, na feni inayonguruma. Nachora mabango ya maduka, kadi za harusi, fulana za kwaya, maandishi ya milango ya magari. Ukitaka kitu kikubwa kwenye plastiki, ile tunayoita banderoli, nakichora mimi kisha nakipeleka mjini kwa mwenye mashine kubwa akichapishe. Watu wakiniuliza nilisomea wapi uchoraji, nawaambia nilisomea uhasibu, na ndiyo maana nachora.

Herufi ninayotaka kuisimulia ilizaliwa kwa sababu ya maziwa. Mama mmoja wa Cibitoke alikuwa anafungua mahali pa kuuzia maziwa ya mgando, akaja kutafuta bango. Nikamwonyesha fonti zote zilizokuwemo kwenye kompyuta, moja baada ya nyingine. Akawa anatikisa kichwa tu.

"Apana. Hii imefunga," akasema. "Hii nayo inaumwa. Hii ni ya mutu wa benki. We mutoto, huna herufi yenye imekula ikashiba?"

Nilitaka kumwambia aende sokoni akaulize kama wanaziuza kwa kilo. Lakini alipoondoka, swali lake lilibaki limekaa mle chumbani. Herufi iliyoshiba inakuwaje? Ina nini ambacho yenye njaa haina? Nikachukua kalamu ya wino mnene nikachora a ndogo, nikaipa tumbo. Ikawa puto, haina maana. Nikalishusha tumbo likae chini, karibu na mstari, na lile tundu la katikati nikalibana mpaka likawa dogo kama kitovu. Hapo ikakaa. Nilicheka peke yangu kwa sauti, mpaka fundi cherehani wa mlango wa pili akauliza kuna nini.

Bado sijui kwa nini kitu kinene chini na chepesi juu kinachekesha, wakati kinene juu na chepesi chini kinatisha. Jaribu mwenyewe kwenye karatasi. Nimewauliza watu wengi, kila mmoja ana jibu lake, na hakuna jibu hata moja lililonituliza.

Baada ya a nikachora e, nikaiinamisha kidogo kama mtu anayesikiliza kichekesho. Nikachora m, na ile m ilinitesa, kwa sababu miguu mitatu minene haitaki kukaa kwenye benchi moja. Nikachora t yenye mkono juu. Kila herufi ilikuwa na wazimu wake, na kazi ngumu ilikuwa kuzifanya ziishi pamoja. Unaweza kuwa na herufi nzuri ishirini na kitu, ukaziweka kwenye neno zikawa wageni waliokutana kituoni. Nilizisogeza, nikazibana, nikazifanya zigusane mabega. Herufi nene inapenda kubanwa. Ukiiachia nafasi ikabanduka na mwenzake, neno linang'oka meno.

Nilijifunza mengine pia, na kila moja nililijifunza kwa kuharibu. Herufi nene haipendi kuandikwa ndogo: matundu yanaziba, neno linakuwa tope. Haipendi sentensi ndefu. Neno moja inaliimba, maneno mawili sawa, ukifika maneno sita umeshachoka nayo kama mgeni mwenye vichekesho ambaye hataki kwenda kwake. Haipendi herufi kubwa tupu, maana hapo inaacha kucheza na inaanza kufokea watu. Lakini ukiiweka pakubwa, neno moja, juu ya mlango, aa! Mtu yuko ng'ambo ya barabara anageuka bila kujua ameitwa na nani.

Yule mama wa maziwa alipoona bango lake alipiga makofi. Kisha akaja mwenye shule ya watoto wadogo, akaja muuza viatu vya plastiki, akaja kijana wa mishikaki, zikaja saluni mbili zinazotazamana ambazo zote zilitaka herufi ile ile na kila moja ikanikataza kuwapa wengine. Nikawa napita mtaani naona watoto wangu juu ya milango. Nilijivuna, sitakataa.

Mwenye farmasi naye aliitaka. Nilimwambia haifai, akasema mimi ni mchoraji, nichore. Bon, nikachora. Haukupita muda watu wakawa wanaingia mle kuulizia aiskrimu. Mzee mmoja alisoma bango, akaangalia cheti chake cha daktari, akaangalia tena bango, akaenda farmasi nyingine. Mwenye farmasi alikuja juu, na mi nikaja juu zaidi, na mwisho tukabandua.

Na mjini kuna mzee wa Kiarabu muuza vitambaa, familia yake wametoka Omani zamani sana, duka limekaa pale tangu babu yake. Nilimpelekea mfano wa bango jipya bila kuombwa, kwa ujuaji wangu. Aliutazama kwa adabu, miwani kwenye ncha ya pua.

"Mashallah, mwanangu, una mkono," akasema. "Lakini hizi zinapiga kelele. Hili duka halijawahi kupiga kelele."

Nilirudi nyumbani nimenuna, nikisema yeye ndiye hajui kusoma.

Wakati huo wote baba alikuwa hai. Alikuwa fundi wa friji, mfupi, mnene, mwenye kutembea kama anayecheza ngoma ambayo yeye tu anaisikia. Alizungumza na mafriji. Alipiga goti mbele ya friji ya watu na kuiuliza, "Nani amekuudhi?", na wenye nyumba wakacheka mpaka wakasahau kwamba nyama yao imeoza. Kila mchana alikuja kupumzika kwangu, akavuta kiti chini ya feni, akafungua vifungo vya shati na kulala kwa kukaa, mikono juu ya tumbo. Nikimwambia anafukuza wateja, alisema yeye ndiye bango.

Alifariki wakati wa mvua, moyo, ghafla, akiwa kazini. Sitaki kuandika zaidi juu ya siku hiyo.

Kwetu matanga hayaishi siku ya maziko. Siku chache baadaye kuna kuondoa kwa kwanza, watu warudi kwenye kazi zao. Kisha, baada ya kama mwaka, inakuja siku ya mwisho, ambayo mjini tunaiita kwa Kifaransa levée de deuil na wazee wanaiita kuganduka. Katikati ya siku hizo mbili familia imefungwa: hakuna harusi, hakuna kupokea mahari. Siku ya mwisho ndugu na marafiki wanakaa pamoja, wanakunywa, wanamzungumzia marehemu, kisha mkubwa wa familia anasimama na kusema neno, kwamba matanga yameisha. Kabla ya neno hilo unaweza kulia. Baada ya hapo hakuna kulia tena mbele ya watu; mnaishi.

Neno lilikuwa la baba mkubwa, kaka yake baba, ndugu pekee aliyebaki. Yeye alikuwa mtu wa ofisi za serikali, sasa amestaafu, anakaa juu Kiriri kwenye nyumba yenye bustani. Na aliyelisubiri neno kuliko wote alikuwa mdogo wangu, maana mchumba wake alikuwa tayari na wazazi wake walikuwa tayari, na mlango wetu ulikuwa bado umefungwa.

Banderoli ya siku hiyo wakaniachia mimi. Nani mwingine? Nikafanya kama inavyofanywa. Nikatafuta herufi nyembamba yenye visigino, vile vijistari vya miguuni, ile ya vyeti na milango ya mawakili. Nikaweka picha ya baba iliyotoka kwenye kitambulisho, ambayo amekaza uso kama anadaiwa. Nikaweka msalaba na maua pembeni. Nikachapisha mfano kwenye karatasi, nikampelekea mama sebuleni.

Mama aliishika karatasi mbali, kisha karibu.

"Huyu ni nani?"

"Mama, ni baba."

"Jina ni la baba yako. Mutu siyo yeye."

Nikamweleza habari ya heshima, habari ya visigino, habari ya nafasi kati ya mistari. Alinisikiliza mpaka mwisho, na huo ndio ubaya wa mama: anakusikiliza mpaka mwisho kisha anafanya kama hujasema.

"Muandike na zile herufi zako nene," akasema. "Zile zinacheka."

"Mama! Zile ni za maziwa!"

"Kwani baba yako alikuwa hanywi maziwa?"

"Ni za saluni, mama. Za mishikaki. Watu watasema nini?"

"Watasema ni yeye." Akaiweka karatasi mezani, akaigeuza uso chini. "Mi nilikaa na yeye miaka yote ile. Siku ya kumuaga nataka nimuone. We unaniletea direkta wa ofisi."

Nikakasirika. Nikamwambia yeye anajua kupika na mimi najua herufi, kila mtu akae kwenye jiko lake. Mama akanitazama kwa mshangao, si kwa hasira, na akasema kitu ambacho kilinichoma.

"Lakini zile herufi si ni yeye? Si ulimuchora? Tumbo lile, kukaa kule? Mi nilidhani unajua."

"Nilichora mtu aliyeshiba maziwa!"

"Haya," akasema mama.

Nilikwenda kazini nikibishana naye njia nzima, naye hayupo. Nimchore baba bila kujua? Mtu anawezaje kuchora mtu bila kujua? Nilifungua kompyuta, nikaiita ile a ya kwanza, nikaikuza mpaka ikajaa kioo. Nikatafuta kwenye simu picha ya baba, si ile ya kitambulisho, nyingine, amekaa. Nikaziweka pamoja. Hakuna kufanana, nikasema, herufi ni herufi. Kisha nikainua macho kufikiri, kama ninavyofanya nikiwa kazini, na macho yakaenda yenyewe yanakokwendaga siku zote: juu ya kioo, kwenye kona ya feni. Palikuwa na ukuta tu. Kiti tulikuwa tumekitoa siku za matanga ili watu wakalie.

Siku zote zile nilipokuwa natafuta tumbo likae wapi, kila nilipoinua macho, tumbo lilikuwa pale limekaa. Kumbe! Sikujua nicheke au nifanye nini. Nilichokuwa nacho zaidi, kusema kweli, ni udadisi, ule wa mtu aliyekuta mfukoni kitu ambacho hakumbuki kukiweka. Nikarudi kwenye e, ile iliyoinama: baba alisikiliza hivyo hivyo, sikio la kushoto mbele, kwa sababu la kulia lilikuwa halisikii vizuri. Nikaitazama t yenye mkono juu na nikaamua hiyo ni t tu, nisije nikawa mwendawazimu.

Lakini bado sikumwamini mama, wala macho yangu. Nikalichapisha jina la baba mara mbili, kwa visigino na kwa herufi nene, nikayabandika yote mawili ukutani bila kumwambia mtu kitu. Nikamwita fundi cherehani wa mlango wa pili, aliyemjua baba vizuri, nikajifanya namwomba mkasi. Aliingia, akalitazama la kwanza, akalipita. Akafika kwenye la pili, akacheka. "Yebaba we," akasema, "huyo hapo." Kisha akajifuta macho na kona ya kanga na kuondoka bila kunipa mkasi.

Sawa. Basi nikachora banderoli kwa herufi nene. Na kwa sababu nilikuwa nimezoea kuzivalisha, nikazivalisha: rangi ya machungwa, mstari mweupe kuzunguka, kivuli chini, na maua nikayaacha. Mama akaona, akafurahi. Akampigia shemeji yake simu kumwambia. Kesho yake gari la baba mkubwa likasimama mbele ya mlango wangu.

Baba mkubwa hakuwahi kuingia kazini kwangu. Aliingia na suti, akatafuta pa kukaa, nikampa kiti changu. Akaomba kuona. Nikamwonyesha kwenye kioo.

"Hii herufi ninaijua," akasema. "Iko kwa yule anauza mishikaki."

"Ndiyo, baba mkubwa."

"Mi siwezi kusimama mbele ya watu wazima chini ya bango ya mishikaki niongee habari ya mudogo wangu."

Nikaanza kusema ni mama ndiye aliyetaka. Akainua mkono.

"Mama yako mi namuheshimu. Lakini sikiliza, mwanangu." Aliongea polepole, anakitazama kioo, si mimi. "Baba yako watu walimucheka tangu utoto. Shuleni walimucheka. Kwenye harusi walimuita ili awachekeshe, kisha wakamukalisha nyuma. Hata mimi ofisini niliona haya akija kunisalimia, kwa sababu wasaidizi wangu walianza kucheka kabla hajafungua mudomo. Yeye alifanya kama hajali. Mi nataka siku moja tu. Siku moja watu wamusome kama mutu."

Nilikuwa nimejiandaa kupigana na mtu mwenye majivuno, na aliyekaa mbele yangu hakuwa huyo.

Akasimama. "Mukiweka hiyo, nitakuja, nitakaa, nitakunywa. Lakini neno sitasema. Mutafute mwengine." Na wote tulijua hakuna mwingine.

Jioni ile nyumbani kukawa moto. Mdogo wangu alilia, akamwomba mama: ni herufi tu, mama, ni plastiki tu, kesho yake tutaitupa. Mama akamshika mkono, akamwambia anajua harusi yake iko mlangoni, anajua. "Lakini siwezi kumuaga mutu mwengine," akasema. "Baba yenu mkubwa asiposema, basi nitakaa na matanga yangu." Mdogo wangu akageuka kwangu. Si mimi ndiye mwenye herufi? Si nifanye kitu? Nikamjibu vibaya, nikaenda kulala bila kula.

Asubuhi nilikaa mbele ya kompyuta na maneno ya wote wawili kichwani, mama anataka kumwona na baba mkubwa anataka aheshimiwe, na nikajiuliza kwa mara ya kwanza swali ambalo ningepaswa kulijua: kinachochekesha hapa ni nini hasa? Ni unene wenyewe, au ni vitu nilivyouvalisha? Nikaanza kuvua. Nikatoa rangi ya machungwa. Nikatoa mstari mweupe. Nikatoa kivuli, na kelele nusu zikaondoka nacho, nikamkumbuka mzee wa vitambaa nikaona haya kidogo. Nikatoa maua. Nikatoa picha ya kitambulisho. Likabaki jina peke yake, jeusi, juu ya weupe.

Nikaliangalia kwa muda. Lilikuwa halichezi tena, lakini halikuwa limenuna. Lilikuwa limekaa, basi, limekaa kwa uzito wake wote. Nikalikuza mpaka likakaribia kingo za banderoli, kisha nikarudisha nyuma kidogo lipate hewa juu na chini. Nilibadilisha nafasi kati ya herufi mara nyingi sana, unywele kwa unywele, kwa sababu zikigusana sana zinataniana, na zikiachana sana zinakuwa wageni. Chini kabisa, kwa herufi nyembamba yenye visigino, nikaandika mstari mmoja mdogo wa kusema ni siku gani. Ile nyembamba ilipendeza pale, chini ya kubwa, nikagundua kwamba haikuwa na kosa lolote. Nilikuwa nimeipa kazi isiyo yake.

Sikumwonyesha mtu. Sikutaka mama aseme ni yeye, wala baba mkubwa aseme siye, kabla halijaning'inia. Mdogo wangu ndiye aliyenisaidia kuifunga banderoli uani asubuhi ya siku yenyewe, kati ya ukuta wa jikoni na nguzo ya turubai. Alipomaliza kufunga kamba yake alirudi nyuma, akasoma, akanishika bega. "Na akikataa?" akauliza. Nikamwambia akikataa amekataa.

Watu wakaanza kuingia. Majirani wa Nyakabiga, mafundi wenzake baba, wanakwaya, shangazi zetu kutoka milimani. Niliwatazama kama ninavyowatazama watu mbele ya kila bango langu, lakini siku hiyo kwa hofu. Walikuwa wakiingia wanaongea, wanainua macho, wanaacha kuongea. Mafundi wawili walivua kofia. Shangazi mmoja alisimama mbele ya jina, mkono kifuani, akatabasamu hivi, kama mtu aliyekuta mwenyeji yuko nyumbani. Mama alitoka ndani na kitambaa chake cheupe, akatazama, akanitafuta kwa macho katikati ya watu, akaitikia kwa kichwa mara moja: ndiyo.

Baba mkubwa alifika wa mwisho na suti yake. Alisimama mlangoni pa uwanja. Alisoma, kisha akawatazama watu waliokaa, nyuso zao, mmoja mmoja, kama anayetafuta ni nani anacheka. Hakuna aliyekuwa anacheka. Akaenda kukaa kwenye kiti chake, akapewa kinywaji, na uso wake haukunipa habari yoyote.

Watu walizungumza. Mwenye friji fulani alisimulia, mwanakwaya akasimulia. Kisha ikafika zamu ya baba mkubwa, na mdogo wangu akaniminya vidole. Alisimama. Alipokea maikrofoni.

"Tumekuja leo," akaanza, kwa sauti yake ya ofisi, "kwa ajili ya mudogo wangu." Na kama desturi inavyotaka, akageuka kulitazama jina ili alitaje. Akalitazama. Hakulitaja. Aliendelea kulitazama, maikrofoni karibu na mdomo, na sote tukasikia pumzi yake.

"Munaona?" akasema mwishowe. "Hata hapa. Hata hapa amekaa kiti kizima peke yake."

Na akacheka. Baba mkubwa, ambaye mimi sijawahi kumsikia akicheka maishani mwangu, alicheka kwenye maikrofoni, na kicheko kilichotoka kilikuwa cha baba. Kile kile, kinaanzia tumboni, kinakwama katikati, kinatoka puani. Watu walishtuka. Nadhani hata yeye alishtuka. Kisha uwanja mzima ukacheka naye, na haikuwa kumcheka mtu.

Hapo nikasikia sauti nyingine nyuma yangu. Mama hakuwa amelia mbele ya watu hata mara moja tangu maziko. Kila mtu alikuwa anamsifu kwa hilo. Sasa alikuwa ameinama kitini, kitambaa cheupe usoni, analia kwa sauti kubwa, kama mtoto. Shangazi zetu wakamkimbilia, wakamshika mabega, wakamnong'oneza, wote kwa pamoja: mama, apana, nyamaza, leo hatulii, leo ni kuondoa.

"Mumuache," akasema baba mkubwa.

Shangazi wakageuka.

"Mumuache alie. Mi sijasema neno bado."

Akashusha maikrofoni, akaishika kwa mikono miwili mbele ya suti yake, akasimama akimngoja. Na sisi wote uwanjani tukangoja pamoja naye, mpaka mama mwenyewe alipomaliza.